Marehemu Edward Carey Francis, Mwalimu wa Maseno



Baada ya hesabu za fedha na taarifa ya kazi za mwaka, twapenda kuweka mbele yenu habari za maisha ya mtu aliyefariki zamani, ambaye jina lake hata leo latajwa katika nyumba nyingi za pwani hii ya ziwa, kutoka Kisumu hadi Bondo na Uyoma, na vilevile upande wa milima, Bunyore na Maragoli. Mtu huyo ni marehemu Bwana Edward Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya Maseno toka mwaka 1928 hadi mwaka 1940.

Twajua wako watakaouliza kwa nini chama cha Waafrika kimkumbuke Mzungu, tena Mzungu ambaye hakuipenda siasa ya Waafrika. Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Lakini twaomba kwanza habari zake zisikilizwe kwa utaratibu, kama wazee wasikilizavyo kesi, kabla ya mtu yeyote kukata shauri.

Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1897 huko Hampstead, mtaa wa jiji la London, akasoma katika shule ya William Ellis. Alikuwa kijana mwenye akili kubwa ya hesabu, akapata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Cambridge. Kabla ya kuyamaliza masomo, vita kuu vya kwanza vikamchukua, akawa afisa katika jeshi la mizinga la Waingereza. Wazee wetu walioshiriki vita hivyo kwa kubebeshwa mizigo katika Kariakoo hawakuhitaji kuelezwa vita ni nini. Wengi hawakurudi kwao. Yeye alirudi, akaendelea na masomo katika chuo cha Trinity, akafaulu katika daraja la kwanza, kisha akachaguliwa kuwa mwanachuo wa kudumu na mwalimu wa hesabu katika chuo cha Peterhouse. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1284, nacho ndicho kikongwe kuliko vyuo vyote vya Cambridge. Mtu akishapata kiti mahali pale aweza kukaa hadi uzee wake, analala na kula chuoni, anafundisha vijana wachache wenye akili nyingi, na heshima yake haipungui.

Tungependa wanachama wafahamu alikuwa mtu wa kiasi gani katika elimu hiyo. Mwaka 1928 kilichapishwa kitabu cha mifano ya hesabu alichotunga pamoja na Bwana J. E. Littlewood, mmoja wa mabingwa wa hesabu wa Uingereza wa karne ile. Kitabu chenyewe chahusu mifululizo ya hesabu isiyo na mwisho. Kwa ufupi, chukua nusu, ongeza robo, ongeza nusu ya robo, uendelee hivyo bila kukoma. Hutafika mwisho wa kuongeza, wala jumla yako haitapita moja kamwe. Mambo ya namna hiyo, na magumu kuliko hayo mara mia, ndiyo yaliyokuwa chakula chake cha kila siku. Mwaka ule ule wa kitabu, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, aliacha kiti chake cha Peterhouse, akaja Kenya kwa kutumwa na Misheni ya CMS, si kama kasisi bali kama mwalimu tu, akapelekwa Maseno kufundisha watoto ambao wengi wao walikuwa wangali wakijifunza kugawanya na kuzidisha.

Yafaa tueleze Maseno ilikuwa mahali gani wakati huo. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1906, Padre J. J. Willis wa CMS, ambaye mwaka 1912 alikuwa Askofu wa Uganda, alianzisha kituo juu ya mlima, mwendo wa maili kumi na tano hivi kutoka Kisumu, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, mahali ambapo nchi ya Waluo yapakana na nchi ya Wanyore. Shule ikaanza na vijana wachache, wengi wao wana wa machifu. Walijifunza kusoma, kuandika, useremala, ujenzi na kuchapisha vitabu, na sehemu kubwa ya siku zao ilikuwa kazi ya jembe.

Vijana hao hawakuwa kondoo. Mwaka 1908, shule ikiwa na umri wa miaka miwili tu, waligoma wakitaka wapewe vitabu zaidi na kazi za mikono zipunguzwe. Twaandika habari hii kwa fahari kidogo, maana wako wanaodhani kwamba elimu ililetwa kwetu na sisi tukaipokea kama mtu apokeavyo dawa chungu. Wazazi wetu waliitaka. Waliitaka kupita kiasi walichopewa. Na mwezi Desemba mwaka 1921, katika mkutano uliofanyika Lundha katika Gem, watu waliopitia Maseno, wakiongozwa na mwalimu Jonathan Okwiri, pamoja na Benjamin Owuor na Simeon Nyende, walianzisha Chama cha Vijana wa Kavirondo, ambacho watu walikiita Piny Owacho, kupinga kodi, kipande na kazi ya kulazimishwa. Mwaka 1923 chama hicho kiligeuzwa kuwa chama cha hali njema cha walipa kodi wa Kavirondo, chini ya uangalizi wa Padre Walter Owen, mkuu wa makasisi wa Anglikana katika nchi hii. Vyama vya namna ya hiki chetu vina asili yake huko.

Basi Bwana Francis alipoingia Maseno mwaka 1928 alikuta mahali penye kiu ya vitabu na pia penye joto la siasa. Alichagua jambo moja, akaliacha la pili. Padre Owen aliandika barua kwa serikali na katika magazeti juu ya ardhi na kodi, hata walowezi wakamchukia. Bwana Francis alikaa na ubao na chaki. Aliamini kwamba kazi ya mwalimu ni kumtengeneza mtu, na kwamba mambo ya kuongoza nchi yangefuata baadaye, polepole, wakati watu watakapokuwa tayari. Ni nani wa kuamua kwamba watu wako tayari? Swali hilo yeye alilijibu kwa namna yake, nao wanafunzi wake walilijibu kwa namna nyingine.

Sasa twafika kwenye kazi yenyewe, ambayo ndiyo sababu ya kuandika habari hizi. Desturi ya wakati ule, si Kenya tu bali katika makoloni mengi, ilikuwa kwamba Mwafrika afundishwe kwa kipimo chake mwenyewe. Wakubwa wengi walisema wazi kwamba kijana wa kijijini atosheke na kusoma Biblia, kulima vizuri na kupiga randa. Bwana Francis hakupinga jembe wala randa, lakini alipofika kwenye somo la hesabu hakukubali kipimo cha pili. Jibu lilikuwa sahihi au lilikuwa kosa. Aliyekuwa amefundisha vijana wa Cambridge aliwadai vijana wa Gem, Seme na Bunyore kazi ya namna ile ile, kwa usafi ule ule wa daftari, na kwa ukali ule ule juu ya hatua iliyorukwa. Hakuona kuwa ni huruma kumpa mtoto alama asizostahili kwa sababu baba yake hakujua kusoma.

Twaomba wanachama walitafakari jambo hili, kwa kuwa ni rahisi kulipita. Katika miaka ile Mwafrika alipimiwa karibu kila kitu kwa mizani ya mtu mwingine. Alilipwa mshahara wa rangi yake, akapanda behewa la rangi yake, akalazwa katika hospitali ya rangi yake. Katika chumba kimoja tu kule Maseno palikuwa na mizani moja kwa watu wote. Mzee mkulima aliyepeleka pamba yake kwenye kinu hakuweza kubishana na mtu wa mizani, maana hakujua ratili zahesabiwaje wala bei yazidishwaje. Mwanawe aliyetoka Maseno aliweza. Aliweza pia kuisoma stakabadhi ya kodi, akajua kama baba yake ametozwa mara mbili. Sisi ambao kazi yetu ni ya ukarani, tukikaa siku nzima na vitabu vya fedha, twajua kwamba mtu asiyejua hesabu hutawaliwa hata na mwenye duka dogo, sembuse na serikali.

Mambo mengine ya shule tutayapita upesi. Alikuwa mtu wa kengele na saa. Alipenda sana mpira na michezo, akiamini kwamba uwanjani kijana hujifunza kushindwa bila kununa. Alikuwa mtu wa sala. Maisha yake yalikuwa mepesi, mavazi yake kaptura ya kaki, na wanafunzi pia alitaka wawe na mavazi mepesi, bila viatu na bila suruali ndefu. Jambo hilo la viatu liliwaudhi vijana wengi, wala hatuwezi kuwalaumu. Mwalimu Mzungu avaaye kaptura huitwa mnyenyekevu. Kijana Mwafrika aliyenyimwa suruali huona kwamba amezuiwa kuwa mtu mzima. Yeye alisema moyoni mwake kwamba anawakinga na majivuno, wasije wakarudi nyumbani wakawadharau wazazi wao. Huenda alikuwa na haki nusu. Nusu nyingine hakuiona.

Alikuwa mkali. Fimbo ilitumika, na kijana aliyevunja sheria aliweza kufukuzwa, hata akiwa mwana wa chifu. Lakini tofauti na wakali wengi, hakuwa na kipenzi, na mlango wake haukufungwa kwa mtoto wa maskini. Tukumbuke kwamba miaka ya mwanzo wa 1930 ilikuwa miaka ya taabu kubwa: nzige walikuwa wamekula mashamba, bei ya mazao ilianguka dunia nzima, na kodi haikuanguka. Karo ya shule ilikuwa mzigo wa ukoo mzima. Mbuzi wa mjomba aliuzwa, na kuku wa nyanya. Katika hali hiyo mwalimu asiye na mke wala watoto, ambaye mahitaji yake ni machache, alikuwa msaada kwa vijana ambao wangalikatizwa masomo.

Wakati huo hapakuwa na masomo ya sekondari katika Nyanza. Kijana aliyemaliza Maseno na kufaulu ilimpasa kwenda mbali, hadi shule ya Alliance huko Kikuyu iliyofunguliwa mwaka 1926, na kutoka hapo, akijaliwa, Makerere katika Uganda. Wazazi wa huku ziwani walilalamika sana juu ya jambo hili. Mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa toka mwaka 1925 yalitenga fedha kwa ajili ya shule, na madai ya masomo ya juu hayakunyamaza. Mwishoni mwa miaka ya 1930 madarasa ya sekondari yakaanza Maseno. Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Kuna shilingi za wakulima ndani yake, na maneno makali ya wazee katika mabaraza, na pia kuna kazi ya mwalimu aliyekuwa ameonyesha kwa matokeo ya mitihani kwamba vijana hawa waweza.

Nao waalimu waliotoka mikononi mwake walitawanyika. Shule nyingi ndogo za vijijini, zenye kuta za udongo na paa la nyasi, ziliongozwa na mtu mmoja aliyepitia Maseno, naye alifundisha kama alivyofundishwa: daftari safi, kengele kwa wakati, hatua ya hesabu isirukwe. Mtu aliyesoma katika shule hizo miaka 20 baadaye, ambaye hakumwona Bwana Francis hata siku moja, alipigwa kiboko cha Bwana Francis na kupewa elimu ya Bwana Francis kwa mkono wa mwalimu wake wa kijijini. Hao waalimu wadogo, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote, walifanya kazi kubwa kwa mshahara mdogo mno, na mwandishi wa haki hawezi kumsifu mkuu akawaacha wao.

Mmoja wa wanafunzi wa Maseno wa wakati wake alikuwa kijana kutoka Sakwa, Bondo, jina lake Oginga Odinga. Alisoma Maseno, akaenda Alliance, akaenda Makerere, kisha akarudi kufundisha Maseno. Kila mwanachama ajua yaliyofuata. Mwaka 1947 ikaundwa LUTATCO, kampuni ya Waluo ya kuweka akiba na kufanya biashara, ambayo ilianza kazi zake Maseno, na Jaramogi ndiye aliyekuwa nguzo yake. Tukumbuke kampuni hiyo ilikuwa ni nini: ilikuwa hisa, stakabadhi, faida na hasara, yaani hesabu. Kijana aliyefundishwa kwamba jibu ni sahihi au ni kosa alitoka akawaambia watu wake kwamba Mwafrika aweza kuendesha kampuni yake mwenyewe, akaitumia hesabu kuthibitisha. Mwingine aliyesoma Maseno ni Achieng' Oneko wa Uyoma, aliyehukumiwa pamoja na Jomo Kenyatta kule Kapenguria mwaka 1953, akakaa kifungoni na kizuizini miaka mingi hata 1961. Na katika uchaguzi wa mwaka 1957, ambao ndio wa kwanza kwa Waafrika kuwapigia kura wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, walioshindana katika Nyanza ya Kati walikuwa Bwana B. A. Ohanga, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kupewa uwaziri, na Jaramogi, aliyemshinda. Watu wa Maseno hao wote wawili.

Je, Bwana Francis alifurahi? La. Hapa ndipo penye ugumu wa maisha haya, wala haifai kupafunika kwa maua. Hakuipenda siasa ya kudai uhuru kwa haraka. Alidhani utawala wa Waingereza, pamoja na makosa yake, ulikuwa na nia njema, na kwamba viongozi wa Waafrika walikuwa wakikimbia kabla ya kujua kutembea. Aliwaona wanafunzi wake wakienda njia ambayo yeye aliiona kuwa si salama, akasikitika, na baadhi yao walimwona kama mzazi asiyetaka mtoto aoe. Kitu asichokifahamu, kwa maoni yetu, ni kwamba mbegu ilikuwa yake mwenyewe. Huwezi kumwambia kijana kwa miaka mingi kwamba kipimo ni kimoja kwa watu wote ndani ya darasa, ukatazamia kwamba akitoka nje ya mlango atakubali vipimo viwili. Mwalimu alifundisha vizuri kuliko alivyokusudia.

Mwaka 1940, vita vya pili vikiwa vimeanza, aliombwa kuwa mwalimu mkuu wa Alliance, akaondoka Maseno baada ya miaka 12. Habari za Alliance zajulikana mno, nasi hatutazirefusha. Alikaa huko miaka 22. Wakati wake matokeo ya mtihani wa Cambridge yalikuwa mazuri hata ikawa ajabu mwanafunzi kushindwa, na Kenya ilipopata serikali yake, wengi wa mawaziri na maofisa wakuu walikuwa watu waliopitia mikononi mwake, miongoni mwao Ronald Ngala wa Pwani. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o alisoma Alliance toka 1955 hadi 1958, akaja kuandika kitabu kizima juu ya miaka hiyo. Jaramogi naye alimtaja mwalimu wake katika kitabu alichokitoa mwaka 1967. Si kila neno la wanafunzi hao ni sifa, na ndivyo ipasavyo.

Jambo moja la wakati wa Alliance hatuwezi kuliacha. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, shule ile ilikuwa katikati ya nchi ya Wakikuyu, na wanafunzi wengi walikuwa watoto wa watu waliokamatwa, waliofukuzwa mashambani au waliokuwa msituni. Bwana Francis aliipinga Mau Mau waziwazi na kwa nguvu zote. Lakini pia hakunyamaza juu ya ukatili wa askari wa serikali, akasimama kati ya askari na wanafunzi wake pale alipoweza. Walowezi wengi hawakumsamehe jambo hilo la pili, na wazalendo hawakumsamehe la kwanza. Mtu aliyechukiwa na pande mbili yafaa achunguzwe kwa utulivu zaidi kuliko mtu aliyependwa na upande mmoja.

Mwaka 1962 alistaafu. Alikuwa amepewa nishani ya OBE na serikali yake, na mtu wa namna hiyo angaliweza kurudi Uingereza, akakaa katika nyumba yenye bustani, akaandika barua kwa magazeti juu ya Afrika. Yeye alihamia upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya Pumwani, kati ya watoto wa mitaa ya watu wa kima cha chini. Aliyekuwa mkuu kwa miaka 34 alirudi kuwa mwalimu wa darasa, akafundisha chini ya uongozi wa mwingine, akasahihisha madaftari jioni kama alivyofanya Maseno. Twakiri kwamba katika maisha yake yote hili ndilo linalotugusa zaidi sisi. Katika ofisi zetu tumewaona wakubwa wengi wakistaafu, na ni wachache wanaoweza kupita tena karibu na meza ndogo, sembuse kuketi juu yake.

Alifariki tarehe 27 Julai 1966, umri wake miaka 68, akiwa bado anafundisha. Mwaka huo siasa ya Kenya ilikuwa imechafuka. Miezi mitatu kabla, Jaramogi alikuwa ameacha cheo cha Makamu wa Rais na kuanzisha chama cha upinzani, na watu waliosoma katika madarasa yale yale hawakuwa wakisalimiana. Jeneza la mwalimu lilibebwa na waliokuwa wanafunzi wake, naye akazikwa katika uwanja wa shule ya Alliance, Kikuyu.

Hakuoa, wala hakuacha mtoto. Wazee wetu wajua jambo hilo lina uzito gani kwetu, kwamba mtu aondoke bila wa kumtaja jina. Lakini kwa desturi yetu jina la marehemu hupewa mtoto, na katika nchi hii ya ziwa wako watoto walioitwa Carey, na wengine wakapewa majina yote mawili, Carey na Francis, na wazazi ambao walijua vema wanamtaja nani. Baadhi ya watoto hao leo ni wazee wenye wajukuu. Shule ya Maseno ilitimiza miaka 100 mwaka 2006, na mlimani pale sasa kuna chuo kikuu pia.

Kuhusu swali tulilolitaja mwanzoni, maoni yetu ni haya. Chama hiki hakimkumbuki Bwana Francis kwa siasa yake, kwa maana tulikuwa upande mwingine, na historia imekwisha amua. Chakumbuka deni. Mtu aliyeacha kiti cha Peterhouse akaja kusahihisha madaftari ya wazazi wetu kwa wino mwekundu, bila kuwahurumia, alituachia kitu ambacho tumekitumia hata dhidi ya mawazo yake mwenyewe, na deni la namna hiyo ni lazima liandikwe katika kitabu, mdai awe ni rafiki au asiwe.

Mwisho twaomba jambo moja la kazi. Madaftari, vyeti, barua na picha za miaka ya 1928 hadi 1940 zaliwa na mchwa katika masanduku ya marehemu baba zetu. Picha nyingi za wakati ule hazikuandikwa majina nyuma, na wanaoweza kuwatambua vijana waliosimama katika mistari ile wanapungua kila mwaka. Mwanachama aliye na kitu cha namna hiyo, hata kama ni daftari moja la hesabu lenye kurasa chache, tafadhali akilete kwa katibu kabla ya mkutano mkuu. Kitanakiliwa mbele yake na kurudishwa siku iyo hiyo, na jina la mwenye nacho litaandikwa pamoja na la mwalimu wa kijijini aliyemfundisha, kama lajulikana.